Bega bandia linaposumbua: matundu madogo, upasuaji wa wazi, au matibabu bila kisu?

Mtu aliyewekewa bega bandia, iwe ni Dar es Salaam, India au kwingineko, hutarajia maumivu yaishe na mkono urudi kazini, na kwa wengi ndivyo inavyokuwa. Lakini wapo ambao miezi au miaka baadaye hujikuta bega limekaza, linauma usiku, linalia kila wanapougeuza mkono, au limepoteza nguvu bila sababu inayoonekana. Daktari bingwa wa mifupa anapowaeleza kwamba zipo njia tatu, yaani kuendelea na matibabu bila upasuaji, kuingiza kamera kupitia matundu madogo, au kulifungua bega upya, wengi hurudi nyumbani na wasiwasi zaidi kuliko walivyokwenda. Makala haya yanawalenga wao na familia zao hapa Tanga, ambako uamuzi wa namna hii si wa kitabibu peke yake: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ndiyo mlango wa kwanza, lakini upasuaji wa kurekebisha kiungo bandia kwa kawaida humlazimu mgonjwa kwenda Taasisi ya Mifupa MOI jijini Dar es Salaam au hospitali ya KCMC mjini Moshi, na kote huko ni takriban kilomita 350.

Vigezo vya kupimia

Jambo la kwanza la kupima ni kama chanzo cha tatizo kimekwisha kujulikana, kwa sababu njia inayofaa kukitafuta chanzo si lazima iwe ndiyo inayofaa kukiondoa. La pili ni kile ambacho njia husika inaweza kukibadilisha ndani ya bega na kile isichoweza kukigusa. La tatu ni hatari kwa mwili, na la nne ni muda wa kupona pamoja na safari na gharama, mambo ambayo kwa mkazi wa Tanga hayatenganishwi. Ukubwa wa kovu nimeuacha nje kwa makusudi, ingawa wengi huuliza kuhusu kovu kabla ya jambo lingine. Kovu dogo halimsaidii mtu ambaye tatizo lake limebaki ndani.

Uliwekewa bega la aina gani?

Swali hili hujibiwa na karatasi ulizopewa hospitali siku ya kuruhusiwa, na asiyekuwa nazo azitafute kabla ya kufanya uamuzi wowote. Katika bega bandia la kawaida, kichwa cha mfupa wa juu wa mkono huondolewa na kuwekwa tufe la chuma, na upande wa mfupa bapa wa bega huwekwa kikombe cha plastiki ngumu. Kwa baadhi ya wagonjwa tufe pekee ndilo hubadilishwa. Aina ya pili ni bega la kugeuzwa, lililobuniwa na daktari Mfaransa Paul Grammont mwaka 1985, ambamo tufe huwekwa kwenye mfupa bapa na kikombe kwenye mkono, ili msuli mkubwa wa nje ya bega ufanye kazi ya kuinua mkono ambayo kano zilizochanika haziwezi tena kuifanya.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika ulinganisho wetu. Bega la kawaida bado linategemea kano zinazolizunguka na mfuko laini wa kiungo, na hivyo ni vitu ambavyo kamera inaweza kuviona na vyombo vyembamba vikavifikia. Bega la kugeuzwa husumbuliwa zaidi na mambo ya namna nyingine, kama kuchomoka kwa kiungo au kuvunjika kwa ncha ya mfupa bapa iliyo juu ya bega, na kwa hayo matundu madogo hayana msaada mkubwa. Kwa mwenye bega la kugeuzwa, kazi inayobaki kwa kamera ni kuchukua sampuli na, kwa baadhi, kulegeza makovu ya ndani. Kwa hiyo jirani aliyefaulu kwa matundu madogo hawezi kuwa kipimo chako mpaka ujue kama mabega yenu ni ya aina moja.

Kutafuta chanzo

Njia isiyo na upasuaji huanza na maelezo ya mgonjwa, uchunguzi wa mikono, na picha ya eksirei inayolinganishwa na zile za zamani ili kuona kama chuma kimehama au kama kuna mstari mweusi kati ya kikombe na mfupa. Picha hizo na vipimo vya kawaida vya damu hupatikana mjini Tanga bila safari. Kipimo cha CT husaidia kuonyesha kulegea kwa kikombe na hali ya mfupa, na kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha kano vizuri. MRI, yaani picha zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, huvurugwa na chuma, japo mashine zenye mpangilio maalumu hupunguza tatizo hilo. Kwa wagonjwa wengi hatua hizi zinatosha kueleza kilichotokea, na si sahihi kuziruka kwa kuwa tu mtu amechoka na maumivu.

Pamoja na hayo, kuna tatizo moja ambalo huweza kuzipita hatua zote hizo bila kugunduliwa, nalo ni maambukizi yanayokwenda polepole. Maambukizi ni adui wa zamani wa bega bandia: lile la mwanzo kabisa linalojulikana, ambalo Jules-Émile Péan alimwekea mgonjwa mwenye kifua kikuu cha mifupa mjini Paris mwaka 1893, lilibidi liondolewe takriban miaka miwili baadaye kwa sababu hiyohiyo. Bakteria anayeongoza siku hizi kwa kulisumbua bega huitwa Cutibacterium acnes. Huishi kwenye ngozi na vinyweleo vya sehemu za juu za mwili, na kwa wanaume huwa wengi zaidi. Anapoingia kwenye kiungo mara nyingi haleti homa, haleti usaha, wala hageuzi ngozi kuwa nyekundu. Dalili pekee inaweza kuwa maumivu na ukakamavu usioeleweka. Vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini huweza kuwa vya kawaida kabisa, na sindano ya kuvuta maji ya kiungo mara nyingi hutoka kavu au na matone yasiyotosha.

Hapa ndipo matundu madogo yanapopata nafasi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kwa kupitia matundu mawili au matatu, kila kimoja kikiwa na urefu wa chini ya sentimita moja hivi, daktari huona ndani ya kiungo na kuchukua vipande vya nyama kutoka sehemu kadhaa, kwa desturi visipungue vitano, ili viotweshwe maabara. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 19 tu, ulionyesha kuwa vipande vilivyochukuliwa kwa njia hiyo vililingana na majibu yaliyopatikana bega lilipofunguliwa baadaye, ilhali maji yaliyovutwa kwa sindano yaliyakosa maambukizi mengi. Ni utafiti mdogo, na hauwezi kubebeshwa kila kitu, lakini unaendana na kile ambacho wapasuaji wa bega wamekuwa wakikiona. Katika tendo hilohilo daktari anaweza kukigusa kikombe cha plastiki kwa chombo chembamba na kujua kama kinacheza, na kuangalia kama kano zimechanika.

Faida hiyo huharibika kwa urahisi, na huharibikia mahali pawili. Kwanza, bakteria huyu hukua polepole, kwa hiyo sampuli zinahitaji kukaa maabara hadi siku 14, wakati maabara nyingi huzoea kufunga majibu baada ya siku 5 hivi. Muulize daktari waziwazi kama maabara yake itasubiri muda huo. Pili, dawa za antibayotiki zilizotumika kabla ya sampuli huweza kuficha bakteria, na ndiyo maana madaktari hutaka zisitishwe kwa wiki 2 au zaidi kabla, kwa maelekezo yao. Tabia yetu ya kupita duka la dawa pale Ngamiani na kununua vidonge mara bega linapouma inaweza kumgharimu mgonjwa jibu lote alilolisafiria. Ninaomba hili lichukuliwe kwa uzito, hata na ndugu wanaomnunulia mgonjwa dawa kwa nia njema.

Upasuaji wa wazi nao huonyesha kila kitu na hutoa sampuli nzuri, na una ubora wa kumwezesha daktari kurekebisha papo hapo. Kulifungua bega kwa ajili ya kuangalia peke yake, hata hivyo, ni kuubebesha mwili mzigo mkubwa. Kinyume chake, kama picha zimekwisha kuonyesha bila shaka kwamba kiungo kimelegea au mfupa umevunjika, kupitia kwanza kwenye kamera ni kuongeza nusu kaputi isiyo na lazima.

Kinachoweza kubadilishwa na kisichoweza

Bila upasuaji, mazoezi ya fiziotherapia huimarisha misuli na kunyoosha mfuko wa kiungo, na dawa za maumivu humwezesha mgonjwa kuyafanya. Bega bandia huendelea kujirekebisha hadi mwaka mzima tangu lilipowekwa, kwa hiyo ukakamavu wa miezi ya mwanzo si lazima uitwe kushindwa. Ufa katika ncha ya mfupa bapa baada ya bega la kugeuzwa mara nyingi hutibiwa kwa kupumzisha mkono ndani ya mkanda wa kuuning'iniza. Njia hii haiwezi kukaza kikombe kilicholegea, wala haiwezi kuondoa maambukizi yaliyoshika chuma. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo bandia, ambayo baadhi ya wagonjwa huiomba kwa kuwa iliwasaidia kabla ya kubadilishiwa bega, huongeza hatari ya maambukizi, na haifai kuchomwa bila idhini ya mpasuaji anayekuhudumia.

Matundu madogo hufaa zaidi kwa vitu laini. Daktari huweza kukata na kulegeza mfuko wa kiungo uliokaza kwa makovu, kuikata au kuihamisha kano ndefu ya msuli wa mbele ya mkono inayouma, kupunguza mfupa unaosugua kano kwa juu, na kutoa vipande vya saruji ya mfupa (ile inayogandisha kiungo bandia kwenye mfupa) au plastiki vinavyoelea ndani. Kwa mgonjwa asiyeweza kuhimili upasuaji mkubwa, kikombe cha plastiki kilicholegea kimewahi kukatwakatwa na kutolewa kwa matundu madogo, mgonjwa akabaki bila kikombe; maumivu huweza kupungua, lakini nguvu za mkono hazihakikishwi. Kushona kano zilizochanika baada ya bega bandia kumeleta matokeo yasiyoridhisha kwa wagonjwa wengi, na mara nyingi huishia kwenye kubadilisha bega kuwa la kugeuzwa.

Kuna tahadhari moja ambayo mgonjwa mwenye bega lililokaza anapaswa kuisikia kabla ya kutia sahihi. Ukakamavu una sababu za aina mbili. Kama umetokana na makovu, kuyalegeza kunasaidia. Kama umetokana na tufe kuwa kubwa mno au kiungo kuwekwa katika pembe isiyofaa, basi makovu yakikatwa bega litakaza tena, kwa kuwa kinachozuia ni chuma chenyewe, na hakuna tundu dogo linaloweza kukipitisha chuma hicho kutoka au kuingia. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa maambukizi yaliyothibitishwa: bakteria hujijengea utando juu ya chuma na plastiki, na kuosha kwa maji kupitia matundu hakufiki nyuma ya sehemu ambazo hazijafunguliwa.

Upasuaji wa wazi ndio pekee unaobadilisha sehemu bandia. Kwa njia hii kikombe hubadilishwa, mfupa ulioliwa huongezwa, bega la kawaida hugeuzwa kuwa la kugeuzwa, na mfupa uliovunjika kandokando ya chuma hufungwa. Maambukizi hutibiwa ama kwa kuondoa na kurudisha kiungo katika operesheni moja, ama kwa hatua mbili, ambapo kwanza huwekwa kiungo cha muda cha saruji yenye antibayotiki na kile cha kudumu hufuata baada ya wiki au miezi.

Hatari

Kwa matundu madogo, majeraha ni machache na damu inayopotea ni kidogo, lakini kazi yenyewe ni ngumu kuliko kwenye bega la asili. Tufe la chuma huakisi mwanga kama kioo na kumchanganya daktari kati ya chombo na kivuli chake. Nafasi ni finyu, makovu yamebadilisha alama alizozizoea, na chombo kikiteleza kinaweza kulikwaruza tufe. Mshipa wa fahamu unaopita chini ya mfuko wa kiungo uko karibu sana na sehemu inayolegezwa. Kwa hiyo ni halali kabisa kumuuliza daktari kwa heshima kama amekwisha kufanya upasuaji wa aina hii kwenye bega lenye kiungo bandia, kwa maana uzoefu wa goti au wa bega la asili haulingani nao.

Upasuaji wa wazi wa marudio una hatari kubwa zaidi ya ule wa kwanza: damu, mishipa ya fahamu, mfupa kupasuka wakati shina la chuma lililozama ndani ya mfupa wa mkono linachomolewa, maambukizi mapya, na uwezekano kwamba mkono hautafikia pale ulipofika mara ya kwanza. Kutofanyiwa upasuaji nako si salama moja kwa moja. Kikombe kilicholegea huendelea kuusaga mfupa, na mfupa ukiisha, operesheni ya baadaye huwa ngumu zaidi. Anayechagua kusubiri asubiri kwa miadi na picha za kulinganisha.

Muda, safari na gharama

Baada ya matundu madogo wagonjwa wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au inayofuata, na hapo ndipo baadhi yao hukosea hesabu. Aliyelegezewa makovu anatakiwa kuanza mazoezi mara moja na kuyaendeleza kila siku kwa wiki nyingi, la sivyo makovu hurudi. Mtu wa Pangani au Lushoto anayerudi kwake siku ya pili, asiye na mtaalamu wa fiziotherapia wa karibu, anaweza kupoteza faida yote. Ni bora kupanga mapema kukaa kwa ndugu Dar es Salaam au Moshi kwa wiki za mwanzo, au kupata miadi ya mazoezi mjini Tanga kabla ya kusafiri, pamoja na barua ya mpasuaji inayoeleza kilichofanyika na mipaka ya mkono.

Upasuaji wa wazi humweka mgonjwa kwenye mkanda wa mkono kwa wiki 4 hadi 6 na kupona kwake huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka. Katika kipindi hicho bodaboda haifai, na safari ndefu ya basi huhitaji msindikizaji. Gharama hupandishwa na kiungo bandia chenyewe, kwa hiyo mwenye bima aombe idhini ya maandishi kabla ya kuondoka, na asiyekuwa nayo aombe mchanganuo unaotenganisha bei ya kiungo, kitanda, maabara na fiziotherapia. Matibabu bila upasuaji ni nafuu kwa mkupuo, ingawa nauli na ada za miezi mingi nazo hujumlika.

Uchague kwa kuangalia hali yako

Kama hujafikisha mwaka tangu uwekewe bega, picha hazionyeshi kasoro, na mkono unaendelea kuimarika japo polepole, mazoezi yanayosimamiwa yana haki ya kupewa muda kwanza. Njia hii huwafaa pia wenye maradhi mengine ambayo lazima yatulizwe kabla ya nusu kaputi yoyote, kama kisukari kisichodhibitiwa.

Kama maumivu yanadumu, picha na damu havisemi kitu, na sindano imetoka kavu, matundu madogo kwa ajili ya sampuli ndiyo hatua ninayoiona kuwa na maana zaidi, mradi maabara ya kusubiri siku 14 ipo na umekaa bila antibayotiki kama ulivyoelekezwa. Njia hiyo huwafaa pia wenye bega la kawaida lililokaza kwa makovu, ambao kiungo chao kimepimwa na kuonekana kiko mahali pake, na ambao wana nafasi ya kufanya mazoezi kila siku baadaye.

Kama kiungo kimelegea, kimewekwa vibaya, kinachomoka mara kwa mara, au maambukizi yamethibitishwa, upasuaji wa wazi ndio unaofika kwenye chanzo, na kuutanguliza wa matundu madogo kwa hofu ya kovu ni kuchelewa. Mvuvi anayevuta nyavu au mama anayekuna nazi na kuchota maji aeleze kazi zake kwa ukamilifu kabla ya operesheni, kwa sababu bega la marudio huwekewa mipaka ya uzito, na ni haki ya familia kujua mapema ni kazi zipi zitahitaji mtu mwingine.

Mzee ambaye mwili wake hauwezi kuhimili upasuaji mkubwa, na ambaye anatafuta usingizi wa usiku kuliko nguvu za mkono, anaweza kujadiliana na daktari ama kutoa kikombe kilicholegea kwa matundu madogo, ama kubaki na dawa na mazoezi mepesi. Yote mawili ni uamuzi wa heshima.

Lakini aliyeanguka na mkono ukapinda, aliyechomoka bega, au mwenye homa, wekundu au majimaji yanayotoka kwenye kovu la zamani, hayuko katika hali ya kulinganisha njia. Huyo apelekwe Bombo siku hiyohiyo, akiwa na karatasi zake za operesheni, na asimeze antibayotiki yoyote njiani.